Nilivyoshona Shati la Zubeiri

Msiniambie habari ya mkono mzuri. Mkono wangu huu, uliosifiwa mji mzima wa Koboko kwa kutarizi mashuka ya maharusi, ndio karibu uniulie mume.

Ilikuwa miezi ile baada ya vita vya sabini na tisa, serikali ya zamani ilipoangushwa. Kwenye kizuizi cha njia ya Arua abiria waliteremshwa wakapangwa mstari, na yeyote aliyejulikana kuwa alikuwa katika jeshi lililoshindwa alitolewa kando. Wengine hatukuwaona tena. Zubeiri wangu alikuwa sajini. Kofia, mkanda na viatu tulivizika nyuma ya choo, lakini shati nilikataa. Kitambaa ningekipata wapi? Maduka yalikuwa yameporwa yote, na shati lake lingine lilikuwa limebaki kola tu.

Basi ikaja habari kwamba mama yake amelazwa hospitali ya Kuluva, kupita Arua, anamwita. Nikalitoa lile shati la jeshi. Lilikuwa limetoboka viwiko, limepauka kwa jua, isipokuwa juu ya mikono, pale nilipobandua tepe zake tatu za cheo. Pale palibaki kijani kibichi. Nikasema, nitaziba kote kwa nyuzi za rangi, nyekundu, njano na waridi. Nani atamshuku mwanaume aliyevaa maua? Nilishona siku mbili, sikai, silali vizuri, najidunga vidole. Jirani yangu Medina alipita akacheka.

"Sadiya, unamwoza mumeo?"

Nilimwambia aende zake.

Asubuhi Zubeiri alilivaa, akainyoosha mikono. Nikamtania kwamba amekuwa kitanda cha bi harusi, hakucheka. Nikamsindikiza hadi kwenye lori, akapanda, akashika chuma cha juu. Lori likaondoka, na lilipofika kama hatua hamsini hivi nikainua macho nimpungie.

Yarabi! Kwa karibu yalikuwa majani na maua. Kwa mbali zilikuwa tepe tatu, nyekundu na njano, zinawaka kwenye kila mkono. Sisi watarizi huchora shuka kwanza kwa penseli, halafu sindano hufuata mstari. Ndivyo tulivyofunzwa tangu tukiwa wasichana. Basi hata pale mkono wangu ulitafuta mstari, ukaupata kwenye ukingo wa kile kijani, ukaufuata tepe kwa tepe. Nilimrudishia cheo chake mwenyewe, mjinga mimi!

Nilikimbia. Kizuizi kilikuwa pale mwisho wa mji. Kanga ilianguka, sikuirudia. Nilimwomba Mungu injini ya lori izime, haikuzima. Nilipofika, abiria walikuwa wameshateremka na Zubeiri alikuwa wa nne kwenye mstari. Nikimwonya kwa sauti, nitakuwa nimemfichua. Nikaropoka lililokuja kinywani.

"Mshenzi wewe! Unaenda kwa malaya wako wa Arua na maua niliyoshona mimi?" Nikamrukia, vifungo vikaruka. "Vua! Vua hapa hapa, akuone kifua wazi!"

Nilivuta mpaka shati likatoka, nikalikunjia tumboni. Watu waliangua kicheko. Askari mmoja akaja, bunduki begani, ananitazama mimi, anamtazama yeye.

"Mama, hii iko mambo ya kitanda," akasema. "Peleka bwana yako nyumbani. Sisi hapana taka kelele."

Tukarudi kwa miguu. Nilimwomba msamaha njia nzima. Nilisema sikuona, haki ya Mungu sikuona, na kwamba kidogo tu auawe, mama yake afe akimngoja.

"Mimi niliziona," akasema Zubeiri.

"Uliona nini?"

"Tepe. Tangu asubuhi, nilipokuwa navaa."

Nilidhani sikumsikia. "Ukapanda lori nazo?"

"Nimetumikia miaka kumi na saba, Sadiya. Nimejificha kama panya miezi yote hii. Nilitaka nipite mbele yao nazo, basi."

"Na mimi je? Na mama yako?"

Akageuka kutazama nyuma. Nilimzaba kofi, wallahi, mbele ya watu waliokuwa wanatoka shambani. Halafu nikamshika mkono nikaubana kwa nguvu zangu zote, maana alikuwa bado anageuka kutazama kule kizuizini.