Kukanyaga Ndizi kwa Lameki

Mjinga wa kisa hiki nilikuwa mimi, wala simsingizii mtu. Daktari alishanionya kwamba sukari isiposhuka nitakatwa mguu kama kaka yangu Gozbert, na kwamba dawa bila jasho ni kazi bure. Nikajaribu kukimbia hapa Kashozi. Watoto wakanishangilia kama gari bovu linalosukumwa. Nikarudi nyumbani, nikajifungia chumbani, nikalia, mtu mzima mimi.

Nilipotoka nje, nikamkuta jirani yetu Lameki akikanyaga ndizi mbivu kwenye mtumbwi wa mbao, akitengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikanawa miguu, nikaingia. Tuliimba, tukateleza, tukashikana mabega tusianguke. Jasho likanitiririka huku nacheka. Nikajua nimepona! Kila alipokanyaga, nami nilikuwepo.

Mwisho wa mwezi nikapima. Sukari ilikuwa imepanda. Nikakaa chini pale pale zahanati.

Mke wangu Edvina, aliyenisindikiza, akaniangalia. "Mkishamaliza kukanyaga, huwa mnafanya nini?"

"Tunaonja ile juisi kabla haijachacha."

"Kikombe?"

"Kibuyu."

"Kibuyu kizima, Baba Joackim?"

"Mkanyagaji hanyimwi, Edvina, ndiyo desturi! Na hiyo ndiyo furaha pekee niliyobaki nayo. Unataka niache?"

"Kukanyaga usiache," akasema. "Ila ukiendelea kunywa, mwakani utakanyaga kwa mguu upi?"