Mkono wa Kaka

Mwalimu wa hesabu alirudi nyumbani amefura kwa hasira. Mchana ule walimu walikuwa wamechagua mwenyekiti wa chama chao kwa kunyoosha mikono, na yeye, aliyewasumbua wakubwa mpaka paa la ofisi ya walimu likazibwa, alibwagwa na mwalimu wa michezo, lijitu refu lenye sauti nzito lisilowahi kuhudhuria kikao hata kimoja. Wangekuwa nyani angewasamehe, lakini hawa wana vyeti. Na mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa kaka yake wa tumbo moja, mwalimu wa baiolojia.

Kaka huyo alikuwa ameshajikalia mezani, kama kila jioni tangu mkewe asafiri.

"Dada, usininunie," alisema huku akinawa. "Ni maumbile. Mababu zetu waliishi na wanyama wakali, wakazoea kumfuata mwenye kimo na sauti. Tumelirithi hilo mwilini. Mkono wangu ulipanda kabla sijafikiri."

"Na ulipofikiri, ukaushusha?"

Kaka akakohoa. "Walikuwa wameshaanza kuhesabu."

Dada hakupaza sauti. Aliivuta sahani iliyokuwa mbele ya kaka yake, akaifunika, akaifungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni.

"Sasa mimi nitakula nini? Nina njaa."

"Njaa nayo ni maumbile, kaka. Mpelekee kiongozi wako."