Meza ya Tatu ya Zenobio

Don Gróver Huallpa aliliingiza gari uani kinyumenyume, akashuka akisugua viganja kwa baridi, akaanza kucheka kabla hata ya kusalimia.

"Doña Neme, usinigombeze. Nimekuletea mgonjwa."

Nemesia Tarqui, fundi wa kung'arisha magari, alilizunguka gari mara moja. Lilikuwa la bluu iliyokolea, na jua la asubuhi la El Alto, mji wa juu milimani, halimfichii mtu aibu yake. Kila mahali mwanga ulipogonga palijaa mikwaruzo myembamba ya duara, duara ndani ya duara, kama utando wa buibui.

"Ulifuta bia ya Kanivali kwa tambara kavu," alisema.

"Sasa ningefanyaje? Jumanne nzima tumelimwagia bia, tumelivisha maua na karatasi za rangi ili libarikiwe. Jumatano naamka, kila kitu kimeganda. Nikachukua sweta kuukuu la mke wangu."

"Sweta."

"La manyoya ya alpaka, doña Neme! Si sweta la mchezo."

"Hata lingekuwa la askofu. Umechukua vumbi na sukari ya bia ukavisugulia kwenye rangi, huku unazungusha mkono kama unaosha sufuria. Na umekaa nayo tangu Februari mpaka leo?"

"Leo ndiyo imenibana. Leo ni Watakatifu Wote, na kesho naenda makaburini kuwaaga marehemu wa ukweni. Wakwe zangu walio hai watalitazama gari kuliko watakavyotazama makaburi."

Nemesia alicheka kidogo. Siku hizo alikuwa hacheki sana. Alimwonyesha don Gróver kigoda karibu na ukuta, akalisukuma gari chini ya paa la bati ili bodi yake ipoe, akaanza kubandika tepu ya karatasi kwenye kingo, ambako rangi huwa nyembamba na mashine ya kung'arisha hula upesi.

Jikoni, hatua kumi kutoka hapo, mama yake alikuwa anapanga mikate. Doña Saturnina alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga foleni kwenye tanuri la mtaa, na sasa ilikuwa imelala mezani ikiwa bado na joto: mkate wa ngazi, ili roho ishuke, mkate wa farasi, ili roho isichoke njiani, na mkate mkubwa kuliko yote, wenye umbo la mtu aliyefungwa nguo, na uso mdogo wa plasta uliopakwa rangi mashavuni. Huyo alikuwa Zenobio.

Zenobio, kaka yake Nemesia, aliondoka na teksi yake asubuhi moja ya Agosti, miaka minne iliyopita, akaaga kwamba anapeleka abiria Oruro. Hakurudi. Mwezi huohuo madereva wawili walikuwa wameuawa kwa ajili ya magari yao, na simu ya Zenobio ilikuwa haiiti. Walizunguka hospitali, vituo vya polisi, vyumba vya maiti. Miaka miwili ilipopita, mama aliota mwanawe amesimama mlangoni akiomba mkate. Aliamka akasema basi, anayeomba mkate ndotoni ni marehemu mwenye njaa. Walilizika koti lake, wakafua nguo zake mtoni na kuzichoma, na Novemba ile wakamwandalia meza ya kwanza. Mwaka jana ya pili. Leo ilikuwa ya tatu, ya mwisho kwa marehemu mpya. Kesho yake roho huagwa moja kwa moja na jamaa huvua nguo nyeusi. Leo saa sita mchana roho ingefika, na majirani walikwisha alikwa waje jioni kumwombea.

Nemesia aliwasha mashine. Ilikuwa ndogo, sponji yake upana wa kiganja, na aliipenda kwa sababu haina papara. Alitia matone manne ya dawa, akaisambaza kwa mwendo wa chini, kisha akaongeza kasi na kupita polepole, mkono ukifuata mkono, kushoto kwenda kulia, halafu juu kwenda chini. Alifuta kwa kitambaa laini, akamulika taa. Utando wa buibui ulikuwa umetoweka, na ndani ya ile bluu aliuona uso wake na skafu yake nyeusi.

"Mama yangu!" don Gróver alisema akiinuka. "Kumbe nilikuwa na gari jipya na sijui."

"Kaa chini. Bado mapema."

Alimaliza boneti, akamaliza milango. Don Gróver alikunywa uji wa mahindi ya zambarau alioletewa na doña Saturnina, akausifu, akaomba wa pili. Ilikuwa inakaribia saa sita Nemesia alipofika kwenye buti, nyuma ya gari.

Hapo mikwaruzo ilikuwa mizito. Alipita mara ya kwanza, akafuta, akapita tena. Alipomulika taa kwa upande, aliona kitu ambacho si mkwaruzo. Ulikuwa mstari mnene, mweusi kidogo kuliko bluu iliyouzunguka. Alifikiri ni dawa haijafutika vizuri. Alifuta. Haukutoka. Alisogeza taa, na mstari ukawa herufi.

Jambo hilo alilijua. Herufi za stika zikikaa miaka juani, rangi iliyo chini yake haichomwi kama ya jirani. Ukizibandua, kivuli chake hubaki, na mikwaruzo ikiondoka kivuli huonekana zaidi. Alishawahi kusoma majina ya makanisa na ya timu za mpira kwenye mabuti ya watu. Akaendelea kupitisha mashine, akisoma herufi mojamoja.

LA SATUCA.

Herufi ya T ilikuwa imelala, imeiegemea U kama mlevi anayesaidiwa na rafiki.

Mashine ilimtoka mkononi. Ilianguka juu ya sakafu, ikajizungusha kwa sponji yake mpaka waya ukachomoka ukutani.

Satuca alikuwa mama yao, doña Saturnina. Zenobio peke yake ndiye aliyemwita hivyo. Herufi zile alizikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, akazibandika kwenye teksi yake Jumanne ya Kanivali akiwa amelewa, na kesho yake Nemesia alimtania kwamba hata jina la mama yake halisimami wima. Teksi za bluu ni nyingi, na namba ya ile hakuwahi kuikariri. Nani hukariri namba ya gari la kaka yake? Ila ile T angeitambua popote duniani.

"Don Gróver." Aliigusa ile T kwa kidole. "Gari hili ulilitoa wapi?"

"Santa Cruz, kule bondeni kwenye joto, mwezi wa Januari. Kwani vipi? Limeoza?"

"Aliyekuuzia ni nani?"

Don Gróver alisimama. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Doña Neme, gari si la wizi, naapa kwa watoto wangu. Mwenye jina kwenye karatasi ndiye aliyetia sahihi mbele yangu. Tukalimwagia bia pamoja. Picha ninayo hapa."

Alipekua simu yake, akampa.

Pichani mwanamume alikuwa ameinama anamwaga bia kwenye gurudumu la mbele. Alikuwa amevaa kaptula, amefuga kitambi, na alikuwa anamcheka mpiga picha kwa kinywa wazi. Mtoto wa kike wa kama miaka miwili alikuwa amemshika mguu.

Nemesia aliitazama mpaka skrini ikazima. Akaigusa ikawaka. Bado alikuwa Zenobio.

Akaketi chini pale pale kwenye sakafu yenye vumbi la dawa. Januari. Meza ya pili ilikuwa imekwisha andaliwa. Majirani walikuwa wamekwisha piga magoti, wamelia, wamegawiwa mikate kwa sala zao. Na wakati wote huo mtu mwenyewe alikuwa Santa Cruz, anatoka jasho na kunywa bia baridi. Alitaka kumtukana. Alitaka kupiga yowe la furaha.

"Unamjua?" don Gróver alinong'ona.

"Ni huyo aliyeko mezani jikoni."

Don Gróver aligeukia mlango wa jikoni, akauona ule mkate wenye uso, akafanya ishara ya msalaba.

Doña Saturnina alikuwa ametoka kwa sababu ya kishindo cha mashine. Alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. "Umeumia, mwanangu? Mbona umekaa chini kama gunia?"

Nemesia alikuwa hajaamua kama atamwambia. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha nyoosha simu.

Mama hakuwa na miwani. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Unga ukaenea kwenye kioo, akaufuta kwa shavu lake.

"Ya lini?"

"Ya mwaka huu, mama. Yu hai."

Nemesia alisubiri kilio. Mama hakulia. Alikuwa amekodoa macho kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu mgongoni, na swali lililomtoka lilikuwa dogo sana.

"Mbona amenenepa hivi?"

Kisha akamsukumia don Gróver simu yake. "Nimemlisha mwanangu kama maiti, Neme. Miaka miwili. Nimemwita njoo, njoo ule, nimemwonyesha njia ya makaburini. Na kesho nilikuwa namfukuza kabisa asirudi!" Alijipiga kifuani, unga ukaruka. "Saa ngapi sasa?"

"Saa sita kasoro."

"Mpigieni."

"Mama, ngoja kwanza tufikiri. Mtu aliyenyamaza miaka minne..."

"Nimesema mpigieni! Bwana wewe, namba unayo?"

Don Gróver aliitafuta namba, akabonyeza, akaweka sauti ya wazi. Simu iliita mara nne.

"Haloo, don Gróver! Gari linasumbua?"

Ilikuwa sauti yake, na ndani yake mlikuwa na uvivu wa watu wa mikoa ya joto. Nemesia alijiziba mdomo kwa kitambaa chenye dawa.

"Zenobio," mama alisema.

Kwa mbali mtoto alikuwa analia, na redio inaimba.

"Zenobio, usikate. Sitaki kujua sasa hivi umemkimbia nani. Una mkate hapo ulipo?"

"Mama..."

"Nimekuuliza, una mkate?"

"Upo... Mama, mimi nilikuwa nataka..."

"Chukua. Kula. Sasa hivi, kwa kinywa chako mwenyewe, nikusikie. Hapa mezani, saa sita, marehemu mwenye jina lako anakuja kula chakula chako, na sitaki akutangulie."

Kiti kiliburuzwa. Mfuko wa nailoni ulichakarika. Wote watatu waliinamia simu uani, don Gróver ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai, na kutoka Santa Cruz ikaja sauti ya mtu anayetafuna huku pua imemziba kwa machozi.

"Tafuna vizuri," doña Saturnina alisema, sauti yake ngumu kama jiwe. "Ukimaliza huo, chukua mwingine. Halafu ndiyo utanieleza."