Ini la Mama Mkwe

Otilia hata hajakaa vizuri kwenye sofa la Raimundi, tayari alikuwa ameshamdharau. Alimdharau kwa viatu vyake vyeupe kwenye tope la Mbinga, akamdharau kwa redio aliyoiacha ipige kelele wakati wageni wanasalimia. Tangu serikali iruhusu kila mwenye mzani anunue kahawa, vijana wa namna hii walichipuka kama uyoga. Jana hana mbele wala nyuma, leo ana gari na kitambi. Lakini ndiye huyu ambaye Vitalia, binti yake wa pekee, alimtaka. Basi mama akafunga safari kutoka Litumbandyosi, yeye, binti na kaka yake Wendelini, waje waone nyumba atakayoishi mtoto wao. Otilia akiridhika, padre atatangaza ndoa Jumapili. Asiporidhika, basi tena.

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Kwa hilo Otilia alimsifu, kwa shingo upande. Na kwao mbuzi wa wakwe hana mambo mengi: ini huchomwa kwanza, likapelekwa kwa mama wa binti kabla mtu yeyote hajatia kitu mdomoni. Hata fukara analijua hilo. Asiye na mbuzi hupeleka ini la kuku, na heshima ikatimia.

Raimundi akatoka jikoni na beseni la nyama. Hakugeukia sofa. Alipitiliza hadi uani kwa mbwa wake wawili, aliowanunua Dar es Salaam, masikio yamesimama kama ya punda.

"Mama, Mjomba, njooni muone! Hawa hawajui ugali. Nyama mbichi tu. Mbwa ukimpikia anakuwa mzembe kama hawa wa vijijini."

Wa vijijini! Mbwa wa Otilia alikula ukoko na maji ya maharage, na hakuna nguruwe pori aliyewahi kushiba shambani kwake. Kumbe ni mzembe. Haya.

Wageni wakamfuata uani, Raimundi akatupa mbavu. Akatupa paja zima, la kulisha watu wa ukoo. Kisha akalitoa ini, bichi, bado lina joto la mbuzi, akalikata katikati kwa kisu na kumrushia mbwa mdogo kipande kimoja. Hakikufika hata chini.

"Ini ndilo linalong'arisha manyoya," alisema.

"Ni kweli yanang'aa," akasema Wendelini, huku anameza mate.

Mjomba mtu mzima, anasifia manyoya! Kwa sahani ya nyama, kaka yake huyu angemwoza hata mama yao mzazi. Otilia akamgeuzia kaka yake mgongo. Alimtazama binti yake tu. Vitalia alikuwa ameinamisha uso kwa aibu.

"Raimundi," Vitalia akasema taratibu, "hicho kilichobaki mpe mama."

Raimundi akacheka. "Mama ataletewa mchuzi. Nyama ipo tele."

"Najua ipo. Nimesema hicho."

Raimundi akakitazama kile kipande, akamtazama mbwa mkubwa aliyekuwa akidondosha udenda. Alifikiri kwelikweli, masikini, kama mzee wa baraza anayeamua kesi ya shamba.

"Hiki ni cha Jeti," alisema mwishowe. "Mwenzake ameshakula. Akinyimwa yeye, atanuna. Mama si mtu wa kununa."

Akamtupia.

Vitalia akakaza khanga yake kiunoni. Akapiga goti palepale topeni, mbele ya mbwa, akakutanisha viganja kama anavyofanya binti aliyelelewa.

"Shikamoo, baba mwenye nyumba," alimwambia Jeti. "Asante kwa kutukaribisha. Mimi na mama yangu tunaomba ruhusa, tunarudi kwetu."

Jeti aliendelea kutafuna. Raimundi alicheka peke yake. Vitalia akainuka bila kumtazama, akachukua kikapu cha mama yake.

"Na mchuzi je?" aliuliza Wendelini.

"Kaka, omba kwa Jeti," Otilia akamwambia, akamfuata binti yake barabarani.