Ukuta Mtupu wa Kisogoni

Jana nililala mapema, nikaota nimelazwa ndani ya mashine ya kupima ubongo. Mashine iliniomba nisitikisike kwa kuwa yenyewe ina kizunguzungu.

"Fumba macho," inasema. "Mlete bibi yako."

Bibi yangu, Bi Asumini, alifariki miezi mitatu iliyopita. Ukili wa mkeka wake wa mwisho, utepe wa kijani ambao hakumaliza kuusuka, unaning'inia msumarini chumbani kwangu na kuishia kwenye swichi ya taa.

Ninafumba. Giza tu, kama siku zote. Dada yangu Raya akifumba macho humwona Bibi mpaka kipini cha puani. Mimi sijawahi kumwambia mtu kwamba sioni kitu. Naogopa watasema sikumpenda.

"Twende chumba cha picha," inasema mashine.

Chumba kiko kisogoni, unapanda ngazi. Mlangoni limeketi jicho lenye miwani, linatafuna karanga. Chumba cha jirani ni cha Raya. Humo Bibi anacheka, mkubwa kama ukuta. Changu kina viti, na ukuta mtupu.

"Samahani, picha zangu ziko wapi?"

"Hukuletewa, mwanangu," linajibu jicho. " Wengine huletewa, wengine hapana. Mbona miaka ishirini na mbili hujauliza?"

"Niliona haya."

"Haya. Sheria inasema asiyeonekana hayumo." Jicho linafungua daftari na kutoa kifutio. "Asumini, siyo?"

"Subiri!" nasema. "Alikaza ukili upande wa kushoto, kwa sababu gumba la kulia lilikuwa na kovu. Akikosea husema 'toba', halafu hafumui."

Mikono yangu imeanza kusuka hewani. Ukili wa kijani unatoka. Viti vimekuwa baraza la Bibi.

"Huku kwenye chumba cha mikono kumewaka taa zote!" inaita mashine kutoka chini.

Jicho linafuta miwani. "Mbona mimi simwoni?"

"Nani kakwambia uone?" inajibu sauti ya Bibi ubavuni kwangu. "Na wewe, Saumu, kaza. Hapo umelegeza."

Jicho linarudisha kifutio mfukoni na kuandika: Yumo.

Nimeamka saa kumi na mbili. Ukili uko palepale msumarini. Umepita swichi kwa vidole vinne, na mahali pamoja umelegea.