Upande wa Juu wa Sidii

Tangu fundi wa kompyuta afungue duka, Dada Mkubwa alikuwa amekaa na kusimama mara sita. Kiti hakikuwa na kosa. Mkobani alikuwa na sidii yenye sauti ya marehemu mama yake, na nakala nyingine hakuna.

Mama alirekodiwa hospitalini, wiki chache baada ya kumzaa kitinda mimba. Aliongea na wanawe mmoja mmoja mpaka sidii ikajaa, na nyumbani hakurudi tena. Shangazi zao, wanawake wasiojaliwa breki za mdomo, wakavumisha kwamba mtoto yule ndiye aliyemwua mama yake. Mtoto akakua na lawama hiyo, imemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Dada alimwambia mara mia kwamba mama mwenyewe alilikana jambo hilo, mwisho kabisa wa sidii.

"Basi nipe nimsikie," mdogo wake alikuwa akiomba.

"Utaichubua. Subiri ukue."

Akakua, akaota ndevu, na jibu likawa lile lile. Naye dada, bila haya, alijifungia chumbani akaisikiliza peke yake. Sasa redio yake ilikuwa imekufa, hivyo ikabidi akubali sidii ihamishiwe kwenye simu. Mdogo wake alikuwa njiani.

"Haina hata mkwaruzo," alijigamba, akiitoa kwa ncha za vidole.

Kweli, upande wa chini uling'aa. Fundi akaigeuza, akaiinua dirishani. Ukingoni, upana wa vidole viwili, mwanga ukapenya.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Karatasi ya gundi. Niliandika USIGUSE. Leo asubuhi nikaona aibu mdogo wangu akiikuta, nikaibandua."

"Ikatoka na rangi?"

"Kidogo tu."

Fundi akashusha pumzi. "Dada yangu, kila mtu analinda upande unaong'aa. Huo ukikwaruzika, nasugua tu. Sauti yenyewe imekaa huku juu, chini ya rangi. Umeibandua na karatasi."

"Yote?"

"Inaanzia katikati, inamalizia ukingoni. Maneno ya mwanzo yapo."

Dada akakaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Akamwomba fundi aipake kitu chochote, aizibe, afanye maarifa. Fundi akatikisa kichwa. Hofu ilimbana mpaka akasahau kulia.

"Imeanza?" Kitinda mimba aliingia akihema, amevaa shati la kutokea, utadhani anaenda kumwona mtu.

Fundi akabonyeza. Sauti ya mama ikajaa kiduka kile, ikimwasia Dada Mkubwa, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kijana alicheka aliposikia mama akicheka. Hakuwahi kujua kwamba mama yake alikuwa na kithembe.

"Na wewe, mwanangu wa mwisho," mama akasema, "nataka ujue..."

Mashine ikakwaruza, ikazunguka bure, ikanyamaza. Fundi akairudisha mara tatu. Mara tatu ikakatika palepale.

Dada akamshika mdogo wake mkono, akamwambia maneno yote, neno kwa neno: "Alisema, 'Nataka ujue hukuniua. Niliumwa kabla yako, na wewe ndiye uliyenipa furaha ya mwisho.' Wallahi ndivyo alivyosema."

Kijana akautoa mkono wake taratibu.

"Najua, dada," akasema. "Ndivyo unavyosema siku zote."