Mapipa Yaliyosuguliwa

Nilifika kiwandani saa moja asubuhi. Mkaguzi wa nembo alitarajiwa saa tatu. Ghala lilinuka dawa ya sakafu, na mapipa yetu kumi na mawili ya mafuta ya mawese yalikuwa yamepangwa safu moja iliyonyooka, yaking'aa. Shangazi, mwenye kiwanda, alisimama mlangoni na ndoo akingoja kusifiwa.

"Unaonaje?"

"Karatasi ziko wapi, Shangazi?"

"Zipi?"

"Za kijani na nyeupe. Zilizobandikwa kwenye mapipa."

"Zile zilizojaa matope? Jana ulipoondoka niliziloweka kwa maji ya moto, nikazisugua kwa brashi ya waya. Mgeni hapokelewi kwenye uchafu, baba."

Mapipa saba, ya karatasi za kijani, yalikuwa na mafuta yenye cheti, kutoka mashamba ambayo hayakufyeka msitu. Hayo ndiyo tunayopikia sabuni ya kuogea, yenye nembo ya kulinda misitu. Matano, ya karatasi nyeupe, yalikuwa ya kawaida, ya sabuni ya kufulia. Rangi ni ile ile, harufu ni ile ile. Hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuonyesha kwamba mti fulani haukukatwa. Kinachoonyesha ni karatasi, kuanzia shambani hadi kwenye pipa, na kutoka kwenye pipa hadi kwenye chungu. Na duka linalochukua theluthi mbili ya sabuni yetu halipokei boksi lisilo na nembo.

Nilikwenda kwanza kwa mpishi wa sabuni nikamwambia asifungue pipa lolote.

"Kwani yana sumu?"

"Hatujui lipi ni lipi."

"Mafuta yamepoteza kitambulisho," alisema, akarudisha kiberiti mfukoni.

Nilipima mapipa yote. Uzito ulilingana. Nilimpigia simu aliyetuuzia. Alikuwa na namba za shehena, si za mapipa. Saa mbili na nusu nilifungua droo nikatoa karatasi mpya za kijani. Nilibandua moja. Ilininata kidoleni, nami nikaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha nikairudisha na kufunga droo.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na daftari. Hakuusifu usafi. Aligusa pipa la kwanza.

"Hili ni la shehena gani?"

Nilifungua mdomo, lakini Shangazi alinitangulia. "Haya saba ya upande wa dirisha ndiyo ya cheti. Haya mengine ya kawaida."

Mkaguzi alianza kuandika. Shangazi ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Sikuwahi kumkatiza mbele ya mtu.

"Shangazi, hujui," nilisema. "Na mimi sijui."

Kalamu ilisimama. Nilieleza yote, pamoja na brashi. Shangazi alitazama sakafu aliyoipiga deki mwenyewe.

"Leo mmepika kwa pipa lipi?" mkaguzi aliuliza.

"Hatujapika."

Alikwenda kushika chungu kwa kiganja, akakikuta baridi, akasoma kitabu cha uzalishaji, akahesabu maboksi, akarudi. Ilichukua dakika arobaini, na hakuna aliyeketi.

"Pipa lisilojulikana ni la kawaida," alisema. "Yote kumi na mawili yaende kwenye sabuni ya kufulia. Kwa kuwa hakuna tone lililoingia kwenye sabuni ya nembo, nitaandika kasoro ndogo. Lingeingia, ningeandika kubwa, na nembo ingesimamishwa leo hii."

"Kwa hiyo tumepita?" Shangazi aliuliza.

"Mimi napendekeza tu, mama. Kamati ndiyo inayoamua. Subirini wiki tatu."

Gari lake lilipoondoka, Shangazi hakuniangalia.

"Umenivua nguo mbele ya mgeni."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ungenyamaza, angekwenda zake."

"Labda. Kisha tungepika, na ingekuwa kasoro kubwa isiyojulikana na mtu yeyote ila sisi."

Alipita mbele ya mapipa, akasimama kwenye la pili kutoka mlangoni. "Hili nina hakika ni la kijani. Nakumbuka lilikuwa limebonyea hapa."

"Hakika ya kuweza kuapa?"

Aliinama akapapasa sehemu iliyobonyea. Akasogea kwenye pipa la tatu. Nalo lilikuwa limebonyea, mahali pale pale.

"Na kamati ikikataa?" aliuliza hatimaye.

"Duka linaondoka."

"Na wafanyakazi?"

Shangazi alinyoosha mkono akaniomba kalamu nene ya wino. Kwenye pipa la tatu, kwa herufi kubwa zilizoanza kupinda katikati, akaandika KAWAIDA, kisha akarudi kwenye lile la pili.